Dewey, CDU au herufi za Maktaba ya Bunge la Marekani: mfumo upi wa kupangia vitabu unafaa maktaba ndogo ya Kisumu?

Riwaya ya Msumbiji ilikuwa imesimama katikati ya washairi wa Kiingereza. Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyeniletea mezani akauliza, "Mwalimu, hiki ni Kihispania?" Nikatazama mgongo wa kitabu: 821.134.3. Mwandiko ulikuwa wangu. Nambari yenyewe haikuwa na kosa, ila ilikuwa ya mfumo mwingine. Nilikuwa nimeiingiza kwenye rafu za Dewey, ambako 821 ni ushairi wa Kiingereza.

Nahudumia maktaba ya chumba kimoja mtaani Nyalenda, Kisumu. Vitabu vyetu havijafika elfu tatu. Vingi ni vya Kiingereza, vingine vya Kiswahili na Dholuo, kisha yakaja makasha manne ya vitabu vya Kireno kutoka kwa masista waliowahi kufundisha kaskazini mwa Msumbiji. Kasha ni neno tulilopewa na Wareno wenyewe, sawa na meza tuliyovipanga juu yake, lakini zaidi ya hapo sikuwa na Kireno cha kunisaidia. Baadhi vilichapishwa Lisbon, baadhi Maputo, vingi São Paulo. Wakati huo tulikuwa hatujaamua mfumo mmoja wa kupangia, na vitabu hivyo vilitulazimisha kuamua. Naandika haya kwa mwenye chumba kama hiki, awe Kakamega, Busia, Siaya au Nakuru, ambaye vitabu viko sakafuni na bado anasita.

Mifumo inayotajwa huwa ni mitatu. Wa kwanza ni wa Melvil Dewey, aliyeuchapisha mwaka 1876 akiwa Amherst College, Marekani. Aliyagawa maarifa yote katika makundi makuu 10, kila kundi matawi 10, kila tawi vifungu 10, hivyo kupata vifungu 1,000. Baada ya tarakimu tatu huja nukta, na tarakimu zinazofuata huchimba zaidi. Wa pili ulizaliwa Brussels mwaka 1895, wakati Paul Otlet na Henri La Fontaine walipouchukua wa Dewey kwa ruhusa yake na kuupanua. Toleo lao la kwanza, la Kifaransa, lilitoka kati ya 1905 na 1907. Waingereza huuita UDC, Wareno na Wabrazili CDU, yaani uainishaji wa desimali wa ulimwengu. Wa Dewey nao hugeuka vivyo hivyo: DDC kwa Kiingereza, CDD kwa Kireno. Herufi hizo zishike vizuri, maana ndizo zilizoniangusha. Wa tatu ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani, uliotungwa kuanzia mwaka 1897 kwa ajili ya vitabu vya maktaba hiyo yenyewe. Huo huanza na herufi.

Tuchukue kitabu kimoja tukiangalie kwa karibu. Hapa kwetu miwa ni maisha ya watu, kuanzia Miwani na Chemelil hadi Muhoroni, na kati ya vitabu vya Brazil kilikuwamo kimoja cha kilimo cha miwa, cana-de-açúcar. Kwa Dewey unashuka hivi: 600 teknolojia, 630 kilimo, 633 mazao ya shambani, 633.6 mazao ya sukari na wanga, 633.61 miwa. Kila tarakimu ni ngazi moja kwenda chini. Ukifuta ya mwisho umerudi kwa mzazi wake. Kwa CDU unashuka njia ileile, bila sufuri za kujazia: 6, 63, 633, 633.6, 633.61. Miwa ni miwa kote kuwili. Mtu akisimama hapo ataamini kwamba mifumo hii miwili ni pacha na kwamba nambari ya mmoja inaweza kuandikwa kwa niaba ya mwingine. Mimi niliamini hivyo kwa wiki tatu.

Penye kilimo zinafanana kweli. Penye lugha na fasihi zimeachana kabisa. CDU ililiacha wazi kundi la 4 na kuzihamishia lugha kundi la 8, kando ya fasihi. Kwa hiyo 811 ya CDU ni lugha moja moja za dunia na 821 ni fasihi za lugha hizo, 811.134.3 ni Kireno, 821.134.3 ni fasihi ya Kireno. Kwa Dewey, 811 ni ushairi wa Marekani. Sarufi ya Kireno niliyoiwekea nambari ya CDU ikaenda kukaa na washairi wa Marekani, na riwaya ya Msumbiji ikaenda kwa wale wa Uingereza. Nambari za Dewey zilizotakiwa zilikuwa 469 kwa lugha ya Kireno na 869 kwa fasihi yake. Yule msichana hakukosea sana kudhani ni Kihispania: kwa Dewey, Kihispania na Kireno vimo katika tawi moja, 460.

Mfumo wa herufi haushuki kwa namna hiyo. Miwa iko SB, chini ya S ambayo ni kilimo, na nambari inayofuata herufi ni ya foleni tu. Historia ya Kenya inaanzia DT433.5, lakini huwezi kufuta tarakimu ya mwisho ukamfikia mzazi, kwa sababu hizo ni namba za kupokezana, kama nyumba zilizohesabiwa barabarani. Kwa Dewey, Kenya ni 967.62, na njia inaonekana: 960 Afrika, 967 Afrika ya Kati na jirani zake, 967.6 Uganda na Kenya, kisha Kenya yenyewe. Ukitaka kumfundisha mtoto kwamba maarifa yana shina na matawi, anaweza kuziona ngazi hizo kwenye mgongo wa kitabu. Kwa herufi atalazimika kufunua jedwali.

Lakini mti nao una udhaifu wake, na nimeuona mara nyingi. Kijana anakuja kutoka Muhoroni, anaulizia vitabu vya sukari. Shamba la miwa liko 633.61. Kiwanda kinachotengeneza sukari kiko 664.1. Katikati ya hapo wamesimama kuku, samaki, mapishi, ushonaji na uhasibu. Kwa kijana huyo miwa na sukari ni jambo moja, trekta linatoka shambani na kuingia kiwandani bila kupitia kwa fundi cherehani. Mti unalazimisha kila kitu kuwa na mzazi mmoja, na mambo mengi ya watu yana wazazi wawili.

Hapa ndipo CDU inaposhinda, na nitaisifu bila kusita. Otlet na La Fontaine walitaka kuorodhesha maandishi ya dunia nzima, hadi makala ya gazeti, hivyo wakatunga alama za kuunganisha. Nukta mbili huunganisha mada: 633.61:664.1 ni miwa kwa uhusiano wake na utengenezaji wa sukari. Mabano hutaja mahali: (676.2) ni Kenya, (679) Msumbiji, (81) Brazil. Alama ya sawasawa hutaja lugha: =134.3 ni Kireno. Kile kitabu cha miwa cha Brazil kinakuwa 633.61(81)=134.3, na mtu anayejua kusoma alama hizo anakijua kitabu kabla ya kukifungua. Uvuvi wa Kenya ni 639.2(676.2). Kama ungekuwa na kituo cha nyaraka za uvuvi pale Dunga, ripoti juu ya omena, mbuta, nyavu, bei na sheria za ziwa, ningekuambia chukua CDU leo hii.

Udhaifu wa CDU ni lebo. Mgongo wa kijitabu cha kurasa arobaini hauchukui mabano na sawasawa. Tena, mabano na nukta mbili havina mpangilio ambao mtoto wa darasa la sita atauhisi mwenyewe: kipi kinatangulia, 633.61(81) au 633.61:664.1? Kanuni ipo, lakini lazima mtu aifundishwe. Wanaorudisha vitabu rafuni kwetu ni watoto wa kujitolea siku ya Jumamosi.

Dini nayo inataka kutazamwa, maana Kisumu ina makanisa, misikiti na hekalu, na watu huangalia kitabu chao kimewekwa wapi. Kundi la 200 la Dewey limegawiwa Ukristo karibu lote, tangu 220 hadi 280 na kitu. Uislamu ni 297, dini za Kiafrika 299.6, zote zimebanwa mwishoni. Hata makanisa yaliyozaliwa huku kwetu, kama Nomiya na Legio Maria, nayaona yakiishia 289.9, mahali pa madhehebu yasiyopatiwa nafasi kwingine. CDU ililipanga upya kundi hilo mwaka 2000: 26 Uyahudi, 27 Ukristo, 28 Uislamu, kila dini na nafasi yake. Ni mgawanyo wa haki zaidi. Lakini uone hatari yake ukichanganya. Katika makasha yale kulikuwa na kitabu cha Uislamu wa pwani ya Msumbiji, chenye 28(679). Mimi nikakipeleka 280, ambako kwa Dewey ni madhehebu ya Kikristo. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani alikikuta hapo, akaniletea kimyakimya na kusema, "Mwanangu, hiki kimepotea nyumba." Niliona aibu, na jioni ile nikaanza kuvipitia vyote upya.

Kiswahili chetu pia kimewekwa mbali na mlango. Kiingereza ni 420, tarakimu tatu. Kiswahili ni 496.392, na fasihi yake 896.392. Dholuo ni 496.5 na kuendelea, pamoja na lugha za Kinilo-Sahara. Hata hivyo Dewey ana mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui: mfumo wenyewe unaruhusu lugha inayopewa kipaumbele mahali fulani itangulizwe kabla ya 420 kwa herufi. Nasi tukafanya hivyo. Kiswahili kwetu ni 4K0, fasihi yake 8K0, na riwaya za Kiswahili ndizo anazokutana nazo kwanza anayeingia upande wa fasihi. Kwa mfumo wa herufi, Kiswahili chote kiko PL8701 hadi PL8704, nambari nne tu, lugha na fasihi yake pamoja. Ukiwa na rafu mbili za riwaya za Kiswahili utachoka kuzitenganisha.

Sasa maneno yenyewe, maana kuchagua mfumo ni kazi moja na kuchagua majina ya ngazi zake ni nyingine. Dewey kwa Kiingereza ana class, division, section. Wabrazili wanasema classe, divisão, seção; Lisbon na Maputo huandika secção. Kwa Kiswahili tulibishana wiki nzima. Ngeli ingefaa, lakini mwanafunzi akisikia ngeli anafikiria nomino. Tabaka linaleta matajiri na maskini. Daraja linaleta cheo au mto. Tukakubaliana kundi, tawi, kifungu, na tumeyaandika ukutani. Sidai kwamba ndiyo maneno bora. Nadai kwamba yakishachaguliwa yasibadilishwe, maana katalogi yenye "tawi" ukurasa huu na "kitengo" ukurasa ule haiaminiki.

Kireno kina mitego kadhaa kwa mtu anayekisoma akitegemea Kiingereza. Livraria si maktaba, ni duka la vitabu. Maktaba ni biblioteca. Editor katika vitabu vya Kireno ni mchapishaji, na mhariri wa mkusanyiko huandikwa organizador, mara nyingi kwa kifupi org. Nilikuwa nimeingiza kampuni sita za uchapishaji kama wahariri. Sumário kwa Wabrazili ni yaliyomo, ile orodha ya sura, wala si muhtasari. Muhtasari ni resumo. Índice kwa Wabrazili kwa kawaida ni faharasa ya nyuma, lakini katika kitabu cha Lisbon huenda ukalikuta neno hilohilo juu ya orodha ya yaliyomo. Na género, ambalo Brazil huandikwa gênero, linabeba mizigo mitatu ambayo Kiswahili kimeigawa: jinsia, jenasi ya viumbe, na utanzu wa fasihi. Kitabu chenye neno hilo jaladani nilikiweka kwenye fasihi. Kilikuwa kinaeleza kazi za wanawake na wanaume katika kilimo.

Nambari inayobandikwa mgongoni nayo ina majina mawili. Brazil ni número de chamada, Ureno ni cota. Hili nilielezwa na sista mmoja mzaliwa wa Cabo Delgado, ambako Kimwani na Kiswahili vinasikika pwani. Nilimpigia simu nikamuuliza cota ni nini. Akajibu, "Mwanangu, hapo ndipo kitabu kinapolala." Basi kwetu tunaiita nambari ya rafu. Na ukikutana na orodha za maneno za mada, zile ambazo neno moja huelekeza kwa jingine, Kiingereza huandika BT kwa neno pana na NT kwa neno finyu. Kireno huandika TG na TE. Neno jirani ni RT huku, TR kule.

Kwa bahati nzuri vitabu vya Brazil vinajieleza. Nyuma ya ukurasa wa jina utakuta kisanduku kiitwacho ficha catalográfica, ambacho sheria ya vitabu ya nchi hiyo ya mwaka 2003 inakitaka. Chini yake huwa pameandikwa CDD, au CDU, au zote mbili. Nilipojifunza kuangalia herufi ya mwisho kabla ya tarakimu, kazi ya kitabu kimoja ilishuka kutoka robo saa hadi dakika mbili. Ukikuta CDD, nakili. Ukikuta CDU pekee na mada ni kilimo au ufundi, nambari inaweza kukaribiana, lakini ihakikishe. Ukikuta CDU pekee na mada ni lugha, fasihi au dini, usiinakili kabisa.

Gharama haitachukua maneno mengi. Dewey kamili ni ya kulipia. Toleo la 23, la mwaka 2011, lilichapishwa kwa juzuu nne, lakini orodha ya vifungu 1,000 hupatikana bure mtandaoni, na kwa chumba kimoja inatosha kwa sehemu kubwa. CDU kamili nayo ni ya kulipia, ila ina muhtasari wa bure wa vipengele 2,600 hivi, na Kireno kimo miongoni mwa lugha zake. Majedwali ya Maktaba ya Bunge la Marekani yote yako mtandaoni bure, na bado ningekushauri uyaache, isipokuwa kama unajenga maktaba ya chuo itakayofika makumi ya maelfu ya vitabu na utakuwa ukinakili rekodi zilizo tayari.

Mimi nimechagua Dewey kwa rafu. Sababu kubwa si ubora wa mti wake, ambao nimeshausema. Sababu ni yule msichana wa kidato cha tatu. Akitoka kwetu anakwenda tawi la maktaba ya taifa hapa mjini, nako hupanga kwa Dewey. Akihamia Nakuru au Kakamega atakuta 510 ni hesabu na 633 ni mazao. Sitaki ajifunze ramani ya chumba kimoja tu. Lakini ndani ya katalogi, ambayo kwetu ni jedwali la kompyuta, nimeongeza safu ya CDU, na humo nukta mbili zinafanya kazi bila kugusa mgongo wa kitabu. Kijana wa Muhoroni akiandika sukari, shamba na kiwanda vinatokea pamoja.

Ukianza, andika nambari kwa penseli ndani ya jalada kabla ya kubandika lebo, na tanguliza jina la mfumo kila mara. Kitabu cha yule mzee sasa kiko 297. Ndani ya jalada lake pameandikwa: CDD 297, CDU 28(679). Alikiazima wiki iliyopita, ingawa hasomi Kireno. Alisema mjukuu wake aliyeko Pemba, ile ya Msumbiji, atamsomea kwa simu.